Siku 60 za kwanza za ng'ombe mbebaji: hesabu kuanzia joto, si siku ya kupandikiza



Kuna swali ambalo siku hizi nalipata karibu kila mwezi, hasa kutoka kwa ninyi vijana mlioanza kujaribu viinitete: "Afisa, leo ng'ombe wangu ana siku 21 tangu apandikizwe. Hajalia, hajapanda wenzake, anakula vizuri. Si ndiyo ameshika mimba?"

Jibu langu ni moja tu. Sijui, na wewe pia hujui. Tena swali lenyewe lina kosa ndani yake, kosa la siku saba, na siku saba hizo zilishanitia aibu mimi mwenyewe. Ngoja niwasimulie, halafu tuingie kwenye somo.

Miaka michache iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, kijana mmoja wa kata ya jirani na mji alikopa VICOBA akalipia kiinitete cha Friesian halisi. Hakuwa na ng'ombe wa kisasa wa kukibeba, alikuwa na mtamba chotara, mzima wa afya, mwili wa wastani, ameingia joto vizuri na tarehe ikaandikwa. Siku ya saba mtaalamu akaja, akapandikiza, akaondoka. Kijana akaanza kuhesabu siku 21 kuanzia siku hiyo ya kupandikiza. Mtamba akawa anatoka na ng'ombe wengine kula mabua mashambani, kama tunavyofanya wote huku baada ya mavuno. Siku ya 21 kwa hesabu yake akanipigia simu: hajaona joto. Nikamwambia hongera, andika ana mimba. Kwa simu, bila kumwona mnyama. Baadaye, kwenye miezi mitatu, nikaingiza mkono nikakuta mimba kweli. Nikaona ni ndogo kidogo kwa umri ule, nikasema moyoni labda ni mkono wangu. Nikapita.

Tarehe ya kuzaa ikafika, ikapita. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Alizaa siku ya 304 tangu lile joto. Ndama alitoka na nundu, masikio ya kienyeji, rangi ya kijivu. Kijana alimwangalia ndama, akaangalia upande wa boma la jirani ambako kuna dume la zebu, hakusema neno. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema, na sikuwa na la kusema.

Hesabu inaeleza kila kitu. Kiinitete kilikufa mapema. Mtamba akarudi joto siku ya 21 tangu joto la kwanza, yaani siku ya 14 tu tangu kupandikizwa. Siku hiyo hakuna aliyekuwa anamwangalia, kwa sababu sisi tulikuwa tunasubiri wiki moja mbele. Dume la jirani halikuwa na daftari ila lilijua siku. Ongeza siku 283 za mimba, unapata 304.

Na msidhani ndama angeweza kuchukua nundu kwa mama aliyembeba. Ng'ombe mbebaji hatoi mbegu. Hatoi rangi wala kiwango cha maziwa cha ndama. Anatoa mji wa mimba, damu inayolisha, na baadaye maziwa ya mwanzo yenye kinga. Hili lilionekana zamani sana: mwaka 1890 huko Uingereza mtafiti Walter Heape alichukua viinitete viwili vya sungura wa Angora akaviweka kwa sungura jike wa aina nyingine, aina ya Belgian, ambaye alikuwa ameshapandwa na dume wa aina yake. Jike yule alizaa watoto sita: wanne wa Belgian, na wawili wa Angora wenye manyoya marefu kabisa. Tumbo moja, lakini kila mmoja alitoka na sura ya wazazi wake halisi. Kwa hiyo ukiona nundu kwa ndama wa kiinitete cha Friesian, usimlaumu mbebaji. Tafuta dume.

Siku sifuri ni siku ya joto

Kiinitete kinachopandikizwa kwa ng'ombe kwa kawaida kina umri wa siku saba hivi. Ndiyo maana mbebaji naye lazima awe ameingia joto kama siku saba zilizopita, akizidi au akipungua isiwe zaidi ya siku moja. Mji wake wa mimba na mgeni anayeingia wawe na umri mmoja. Sasa kwa kuwa kiinitete kinaingia kikiwa na siku saba, saa ya mimba haianzi siku ya kupandikiza. Ilishaanza zamani, siku ya joto.

Chukua kalenda tufanye pamoja. Tuseme ng'ombe wako amesimama akipandwa tarehe 3 Machi. Hiyo ni siku sifuri. Kapandikizwa tarehe 10 Machi. Ng'ombe asiye na mimba hurudi joto kati ya siku ya 18 na 24, kwa hiyo macho yako yanatakiwa kuwa kwake kuanzia tarehe 21 hadi 27 Machi. Ukihesabu siku 21 kuanzia kupandikiza utaanza kumchungulia tarehe 31 Machi, wakati mambo yameshakwisha. Kipimo cha kwanza cha mimba ni siku ya 28 hadi 32, yaani tarehe 31 Machi hadi 4 Aprili. Kipindi cha pili cha kuangalia joto ni siku ya 36 hadi 48, tarehe 8 hadi 20 Aprili. Kipimo cha pili ni siku ya 60, tarehe 2 Mei. Cha kuthibitisha ni siku ya 90, tarehe 1 Juni. Na kuzaa, kwa siku 280, ni kama tarehe 8 Desemba, iwe siku chache kabla au baada.

Andika tarehe zote hizo siku ile ile ya kupandikiza, mtaalamu akiwa bado ananawa mikono. Usisubiri jioni. Kwenye ukurasa huo huo andika namba ya hereni ya mbebaji, aina na wazazi wa kiinitete, kama kilikuwa kibichi au kilichogandishwa, na upande wa mji wa mimba kilipowekwa, kulia au kushoto. Huo upande si urembo wa daftari. Kiinitete huwekwa upande ule ule wenye mwili njano, ile sehemu ya ovari inayobaki baada ya yai kutoka na ambayo hutengeneza homoni ya kulinda mimba, projesteroni. Mpimaji atakapokuja siku ya 30 ataanza kutafuta upande huo.

Kinachotokea ndani kabla hujaona chochote

Hapa niwe mwalimu kidogo, mnivumilie, kwa sababu ukielewa hili ratiba yote itakuingia bila kukariri.

Kwa siku kadhaa baada ya kupandikizwa kiinitete kinaelea tu ndani ya mji wa mimba, hakijashika popote. Kinakunywa majimaji ya mama. Halafu kinaanza kurefuka haraka, kutoka kidoa hadi kama uzi. Kwenye siku ya 15 hadi 17 tangu joto uzi huo hutoa ishara ya kikemikali kumwambia mama: nipo, usiuvunje mwili njano. Ishara ikifika na nguvu ya kutosha, projesteroni inaendelea na joto halirudi. Ikiwa kiinitete ni dhaifu, au kimechelewa, au mama ana homa au njaa, ishara haifiki. Mji wa mimba unatoa prostaglandini yake yenyewe, mwili njano unavunjika, na siku tatu nne baadaye ng'ombe yuko joto. Kiinitete chenyewe huna hata nafasi ya kukiona. Hakuna damu, hakuna kitu kilichoanguka zizini.

Kondo la nyuma huanza kushikana na mama taratibu baada ya wiki ya tatu na kuendelea kwa wiki kadhaa. Moyo wa mtoto unaonekana kwenye mashine ya ultrasaundi kwenye siku ya 28 hivi, unapepesa kama taa ya pikipiki yenye betri mbovu. Kwenye siku ya 42 viungo vikuu vimeshaundika. Mpaka hapo mimba bado ni ya kuazima.

Kwa hiyo upotevu mwingi hutokea mapema na kimya kimya. Kwa viinitete vizuri vilivyo vibichi, wataalamu wenye mkono mzuri hupata mimba kama 60 kwa kila 100; vilivyogandishwa ni kama 50, na vile vilivyotungwa maabara mara nyingi ni chini ya hapo. Tena katika mimba zilizoonekana siku ya 30, si ajabu moja kati ya 10 ikapotea kabla ya siku ya 60, na za viinitete vya maabara hupotea zaidi. Mtu akikuuzia kiinitete akakuahidi mimba kwa asilimia mia, mwambie aandike na asaini. Utaona.

Kuangalia joto, kazi ya macho

Siku ya 18 hadi 24, mwangalie mara tatu kwa siku, dakika 20 hadi 30 kila mara, alfajiri kabla ya kukamua, mchana kivulini, na jioni giza linapoingia. Usimwangalie wakati wa kula; ng'ombe mwenye njaa anasahau mapenzi. Dalili ya uhakika ni kusimama tuli akipandwa na wenzake. Kupanda wenzake, kulialia, kupunguza maziwa, ute mweupe unaovutika kama wa yai, hizo ni dalili za kukufanya uangalie zaidi. Kama una ng'ombe mmoja tu bandani kazi ni ngumu, hana wa kumpanda, kwa hiyo tegemea ute, sauti na mkia. Wengine hupaka rangi juu ya shina la mkia: ikifutika, kuna aliyempanda.

Kuna alama moja wafugaji wengi huitafsiri vibaya, nayo ni damu kidogo mkiani. Ng'ombe wengi, hasa mitamba, hutoa damu siku moja hadi tatu baada ya joto. Damu hiyo haimaanishi mimba imetoka, wala haimaanishi imeshika. Ila inakupa tarehe. Ukiona damu mkiani siku ya 23, maana yake joto lilikuwa siku ya 21 na wewe ulikuwa umelala. Andika tarehe ya joto hilo kwenye daftari, maana mwezi unaofuata utaihitaji.

Na akionyesha joto, usikimbilie kumwita mhimilishaji saa hiyo hiyo. Wapo ng'ombe wachache wanaoonyesha joto wakiwa na mimba. Mrija wa uhimilishaji ukipitishwa kwenye mlango wa kizazi cha ng'ombe mwenye mimba, mimba hiyo inaweza kutoka. Kama joto limekuja siku yake, amesimama vizuri na ute upo, hapo mhimilishaji aje, lakini umwambie mapema kwamba ng'ombe amepandikizwa ili apapase kwanza. Kama joto ni la mashaka, au limekuja siku ya ajabu kama ya 33, subiri kipimo.

Upande wa pili, asiporudi joto bado hujapata jibu. Kuna joto la kimya. Kuna ng'ombe ambaye mwili njano wake umegoma kuvunjika ingawa hana mimba. Na kuna yule ambaye kiinitete kiliishi mpaka siku ya 20 kikafa. Huyo anarudi joto siku ya 28 au 35, nje ya dirisha lako kabisa. Ndiyo maana neno "hajarudi" liandikwe hivyo hivyo, hajarudi. Usiandike "ana mimba".

Vipimo, na mkono wa nani

Kipimo ninachokipenda ni ultrasaundi siku ya 28 hadi 32. Kinaonyesha majimaji, mtoto, na kikubwa zaidi, moyo unaopiga. Kijusi bila moyo si mimba, ni mimba inayoondoka. Mpimaji akikwambia "naona maji", muulize: moyo je? Kama mashine haioneshi vizuri, rudieni baada ya wiki moja kuliko kubahatisha.

Najua mtasema, afisa, mashine hiyo tunaitoa wapi hapa Babati? Ni kweli kila kijiji hakina. Lakini daktari wa mifugo mwenye mashine akiitwa kwa ng'ombe mmoja nauli inamla mfugaji. Akiitwa kwa ng'ombe 12 wa wafugaji watano siku moja, hesabu inabadilika. Ndiyo faida ya kupanga wabebaji waingie joto pamoja na kupandikizwa siku moja. Wa Dareda, wa Bonga na wa Singe mkipanga kwa simu mnaweza.

Njia nyingine ni ya damu au maziwa. Kuna vipimo vinavyotafuta protini zinazotolewa na kondo la mimba. Kuanzia siku ya 28 hadi 30 vinafaa. Tahadhari ni kwamba protini hizo hubaki mwilini kwa muda baada ya kuzaa, kwa hiyo ng'ombe aliyezaa chini ya miezi miwili mitatu iliyopita anaweza kukupa jibu la mimba ya zamani. Kwa mtamba hakuna shida hiyo. Vilevile kuna kupima projesteroni kwenye maziwa siku ya 21 hadi 24. Ikiwa chini, hana mimba, hapo huna haja ya kubishana. Ikiwa juu, labda anayo. Kipimo hicho ni kizuri cha kusema hapana, si kizuri cha kusema ndiyo.

Mkono kupitia njia ya haja ni kipimo chetu cha kila siku, na sitaki kukidharau, ndicho kilichonilisha. Lakini kabla ya siku ya 45 usikubali mtu apapase mimba ya kiinitete, na hata baada ya hapo awe na mkono mwepesi. Kubana utando wa mimba changa kwa kutaka kuhakikisha ni hatari. Nami nimejifunza jambo: mkono ukisema mimba ni ndogo kuliko tarehe, amini mkono. Ile mimba niliyoipapasa siku ya 90 ilikuwa na siku 69. Mkono uliniambia, mimi ndiye niliyekataa kusikia.

Kipimo cha siku ya 60 wafugaji wengi wanakiruka kwa sababu cha kwanza kilikuwa kizuri. Usikiruke. Nimeeleza kuwa mimba zinapotea kati ya 30 na 60, na ng'ombe wa namna hiyo ndiye anayekula chakula chako kimya kimya. Ukimpa kilo 2 za pumba kwa siku, siku 60 ni kilo 120, bado majani, dawa ya kupe na kibarua. Mbaya zaidi ni msimu unaopotea. Kati ya siku ya 55 na 70 mpimaji mzoefu anaweza pia kukuonyesha jinsia ya ndama, hiyo ni nyongeza. Na aangalie kama ni pacha, hasa kama viliwekwa viinitete viwili, kwa sababu jike aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa.

Yanayoua mimba changa hapa kwetu

La kwanza ni sindano ya kuleta joto. Hii inaniumiza. Mtu anaita mtaalamu awape ng'ombe wote sindano ya prostaglandini waingie joto pamoja, anasahau mmoja amebeba kiinitete cha fedha nyingi. Sindano hiyo inavunja mwili njano, na katika miezi mitano ya kwanza mimba inatoka. Funga kamba ya rangi shingoni mwa kila mbebaji, nyekundu, ambayo kila mtu zizini anajua maana yake: huyu haguswi na sindano bila daftari kusomwa. Halafu dada zangu wenye ujauzito na yeyote mwenye pumu, msishike dawa hiyo kwa mikono mitupu, inapita kwenye ngozi. Bora msiishike kabisa.

La pili ni kupe. Ndigana kali inapandisha homa, na homa kali kwenye wiki hizi ni mwisho wa mimba hata kama ng'ombe atapona. Ratiba ya kuogesha isisimame kwa sababu ng'ombe ana mimba. Kinachotakiwa ni kumnyunyizia taratibu kwenye kibanio, si kumkimbiza na kumrusha josho kwa fimbo. Chanjo zote zikamilike angalau mwezi mmoja kabla ya kupandikiza.

Kuhusu chanjo kuna kisa cha jirani zetu Kenya ambacho kila mwenye mbebaji anatakiwa kukijua. Pale hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, wanasayansi wa mradi wa BioRescue wanajaribu kuokoa faru weupe wa kaskazini, ambao wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu. Tarehe 24 Septemba 2023 walimpandikiza faru jike wa kusini, anaitwa Curra, kiinitete kilichotungwa maabara, cha faru wa kusini, kwa ajili ya kujaribu njia kwanza. Mvua kubwa zikaja, maji yakafukua vimelea vya klostridia ardhini, na mwezi Novemba Curra akafa kwa ugonjwa huo. Mwili ulipochunguzwa ndipo ikathibitika kwamba njia ilikuwa imefanikiwa: alikuwa na mtoto dume wa siku 70, urefu sentimita 6.4. Ilitangazwa Januari 2024. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa faru kushika mimba ya namna hiyo.

Wale walikuwa na wataalamu kutoka nchi kadhaa na walinzi wa usiku na mchana, na bado udongo wa mvua ukawashinda. Kwetu ndugu wa vimelea hivyo ndio wanaoleta chambavu, nao pia hujificha ardhini na kuibuka mvua zikifukua. Masika ya Babati mnayajua. Mbebaji asiyechanjwa chambavu na kimeta asipandikizwe, nitasema hivyo hata ukinikasirikia.

La tatu ni kubadilisha maisha yake ghafla. Usimpeleke mnadani, usimpakie kwenye lori, usimhamishie kwa shemeji Magugu kwenye joto kali kabla ya siku ya 60. Usimbadilishie chakula kwa siku moja, leo mabua makavu kesho mashudu na urea nyingi. Asikonde. Ng'ombe anayepungua uzito katika wiki hizi mwili wake unachagua kuishi yeye kwanza. Kivuli, maji safi muda wote, jiwe la chumvi, majani ya kutosha, ndiyo hayo tu. Sindano za vitamini zisizo na sababu mnazouziwa madukani hazizuii mimba kutoka.

La nne ni dume. Ukiwa na mbebaji, kwa siku 60 hizo alishwe ndani. Mabua yaletwe kwake, asiyafuate. Kama huna uwezo wa kumfungia, basi tumia uhimilishaji wa kawaida kwanza, kiinitete kisubiri.

Ukikuta hana mimba siku ya 30

Usivunjike moyo, na usimtukane mtaalamu siku hiyo hiyo. Kwanza fungua daftari: joto lilionekana au lilibahatishwa? Mwili njano ulikuwa mzuri siku ya kupandikiza? Aliugua? Mimi huwashauri hivi: mbebaji akishindwa mara ya kwanza, apewe joto moja la kupumzika, arudiwe. Akishindwa mara ya pili, ahimilishwe kawaida au auzwe, kiinitete cha tatu apewe mwingine. Wapo wanaobishana nami kwenye hili, wanasema mara tatu. Fedha ni yako.

Yule kijana wa ndama wa nundu hakuacha. Alikasirika nami miezi kadhaa, kwa haki, halafu akarudi na wabebaji wawili na daftari jipya lenye tarehe zote zilizoandikwa kuanzia siku ya joto. Siku ya 31 tulipima wote. Mmoja alikuwa mtupu; akahimilishwa joto lililofuata na akashika. Wa pili tuliona moyo. Siku ya 62 tulirudi, bado unapiga, mtoto ana kichwa na miguu. Safari hii nilimwacha aandike mwenyewe neno "ana mimba" kwenye daftari, mimi nikaweka saini pembeni.

Wenye wabebaji walioingia joto wiki moja na wanaotaka kuchangia siku ya kupima, nileteeni tarehe za joto mapema, si za kupandikiza. Siku ya kupima muwe na kibanio imara chenye kivuli, kwa sababu jua likipiga kioo cha mashine hatuoni kitu, na mje na maji ya uvuguvugu, sabuni na daftari. Ng'ombe wafungwe kabla hatujafika. Tusianze kuwakimbiza.